Puliza Tena

Nyumba tunayokaa si yetu, ni ya kiwanda. Ni moja katika safu ya nyumba zilizopangwa kama masanduku nyuma ya ukuta wa kiwanda cha saruji: vyumba viwili, sebule mbele, jiko uani, na choo tunachogawana na jirani. Anayefanya kazi kiwandani ndiye mwenye nyumba. Akiacha kazi, au kazi ikimwacha, anafunga virago na funguo zinarudi ofisini. Marehemu mume wangu alikufa bado yumo kazini, na kabla macho yangu hayajakauka mwanangu aliacha kujifunza umakanika akaenda kushika nafasi ya baba yake kwenye kinu cha kusagia saruji, ili mimi nisitolewe vyombo nje. Hakuniambia hivyo. Aliniambia anapenda mashine kubwa.

Vumbi la saruji si kama vumbi la barabarani. La barabarani unalifagia linaondoka. Hili likipata maji linakuwa jiwe. Ovaroli za mwanangu nazifua kwenye beseni la peke yake, na maji yake siyamwagi mferejini, maana mfereji utaziba. Nayamwaga nyuma ya jiko, na pale nyuma ya jiko sasa pana kitu kama ngazi kimejijenga chenyewe, mtu anaweza kukikalia. Kopo la sukari nalifunika kitambaa juu ya mfuniko. Vikombe nalaza kifudifudi. Pamoja na yote hayo, ukipitisha kidole kwenye meza asubuhi kinaacha njia nyuma yake.

Mwanangu ana kikohozi, lakini akiwa macho hakohoi. Hilo inabidi nilieleze vizuri. Kila mwaka muuguzi wa kiwanda huwapanga wanaume foleni nje ya zahanati. Ana bomba la plastiki lenye kijiti ndani, mtu akipuliza kijiti kinapanda. "Puliza," anasema. "Puliza tena." Kijiti kikifika kwenye mstari, anasema, "Mzima," na kumwita anayefuata. Kisipofika, mtu anaitwa ofisini, anashukuriwa kwa utumishi wake mwema, na muda si muda unamwona mama mwingine amekuja kupima madirisha ya nyumba yake akanunue mapazia. Tena si lazima mwaka ufike. Msimamizi akikusikia unakohoa kazini anakupeleka kupuliza siku hiyo hiyo. Jirani yetu wa ukuta mmoja, dereva wa winchi, aliondoka hivyo, na kabati lake halikupita kwenye mlango wa gari, wakalivunja miguu.

Kwa hiyo wanaume wa kota hizi za kiwanda wamejifunza kumeza kikohozi. Utakuta mtu anaongea na wewe, ghafla ananyamaza, shingo inavimba, macho yanajaa maji, kisha anaendelea na maneno yake kana kwamba alikuwa anatafuta jina la mtu. Wake zao wamezoea kungoja. Mwanangu katika hilo ni bingwa. Kutwa nzima hutamsikia. Ila akilala, kifua kinajifungulia mlango chenyewe. Kikohozi chake kina vipande vitatu, viwili vifupi vinavyofuatana, halafu kimoja kirefu kinachotoka chini kabisa, kama mtu anaburuta kitanda. Cha baba yake kilikuwa hivyo hivyo. Nimelala ukuta wa pili na hicho kikohozi karibu maisha yangu yote, kwanza cha baba, halafu cha mwana.

Mwanangu ana binti mmoja, na mama yake alipofariki nilimlea mimi. Watu wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mchana anauza vipuri vya pikipiki mjini, na saa nyingine zote ana bendi. Wanapiga hip hop. Mimi nilidhani hip hop ni kijana mmoja na redio kubwa, akanicheka.

"Bibi, sisi tunapiga laivu. Kila unachosikia kuna mkono wa mtu."

Basi nikawajua wenye mikono. Wa dramu wanamwita Pole, kijana mnene mwenye maneno machache, ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu mchana. Kuna wa besi na wa tarumbeta, ndugu wawili wasioongea mbele za watu wazima. Na kuna Fundi, anayepiga kinanda na ndiye mwenye kompyuta na maiki. Walikuwa wanatengeneza albamu yao ya kwanza. Sindano alikuwa akinighania mistari yake huku nachambua mchele. Kuna wimbo wa mheshimiwa anayekuja kuchimba kisima kila uchaguzi na kisima ni kile kile. Kuna wa foleni ya hospitali. Kuna wa wale wanaouza ardhi yenye watu juu yake. Na kuna mmoja ambao kila akiughani nilikuwa naacha mchele, unaitwa "Kipimo". Ulianza hivi:

Mji wenu unapanda, sisi huku twafifia,
kila zege mlilomwaga, kuna pafu limeingia.

Kiitikio chake kilikuwa maneno ya muuguzi, basi. Puliza. Puliza tena. Mzima. Anayefuata.

"Baba yako ameusikia?" nilimuuliza.

"Baba anasikia ngoma tu, maneno hasikii. Kinu kimemla masikio."

Mjini walishindwa kurekodi kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika katikati ya wimbo. Kota tuna umeme wa kiwanda, haukatiki kamwe, maana kinu hakitakiwi kulala. Sindano akaona albamu ya kuwasema wakubwa irekodiwe kwa umeme wao. Wakaja na mizigo yao, wakaleta na magodoro ya kuegesha ukutani, mimi nikatoa mablanketi yangu yote tukayapigilia misumari madirishani. Sebule yangu ikawa kama tumbo la mnyama. Ukisema neno linaanguka miguuni pako.

"Bibi," Pole alisema akifunga ngoma zake, "ukiolewa tena nitakuja kukupigia bure."

"Niolewe na nani, na wewe? Kikombe chako cha chai cha jana hujakiosha."

Alifikiri. "Nitakiosha," akasema, na wenzake walikuwa wameshacheka wamemaliza.

Fundi alinieleza wanavyofanya. Bendi nyingine, alisema, zinarekodi kipande kipande, leo dramu, kesho sauti, halafu zinaviunganisha. Wao wanapiga wote pamoja, chumba kimoja, wanatazamana. Kila maiki inamsikia mwenyewe na inawasikia na wengine kwa mbali. "Ndiyo raha yake, bibi. Ila mmoja akikosea, wote wamekosea. Huwezi kumtoa mmoja ukawabakiza wengine. Sauti zimeshaingiliana."

Nikamwambia, "Basi ni kama kukaa kota."

Tulikuwa tumechagua siku ambazo mwanangu yuko zamu ya mchana. Msimamizi akabadilisha zamu bila kumuuliza mtu, kama kawaida yao, na asubuhi ile mwanangu akarudi kutoka kinuni mweupe kichwa hadi viatu, akakuta dramu mlangoni. Alilizunguka kwa adabu.

"Baba, tuahirishe?" Sindano akamuuliza.

"Pigeni tu. Mimi kelele hainiamshi."

Na ni kweli. Kinachowaamsha watu wa kinu ni kimya. Kinu kikisimama ghafla, kota nzima inakurupuka, hata watoto wachanga. Alioga, akala, akafunga mlango wa chumba, na walipoanza wimbo wa kwanza alikuwa ameshalala. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wake, nimekatazwa kusogea kwa sababu kigoda kinalia.

Walipofika kwenye "Kipimo", Sindano alifumba macho. Akaghani ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, kama anamsimulia mtu aliye kitandani. Kikafika kiitikio. Puliza. Puliza tena. Hapo, kabla hajasema "mzima", nikasikia nyuma ya mlango: viwili vifupi, kimoja kirefu.

Niliona Pole ameinua kichwa. Hakuacha kupiga. Mguu wake ukajibu, viwili vifupi, kimoja kirefu. Wa besi akaufuata mguu wa Pole. Kiitikio cha pili, Pole akaacha pengo baada ya "puliza tena", akangoja fimbo zikiwa hewani, na mwanangu, usingizini, hana habari na dunia, akakohoa pale pale. Cha tatu vilevile. Nilitaka kuinuka nikamwamshe, na kigoda kingelia, nikabaki nimekaa mikono yangu nimeikalia.

Wimbo ulipoisha walikumbatiana kama watu waliopona ajali. Fundi akawasikilizisha. Kila mtu alikuwa anatabasamu isipokuwa Sindano. Kilipofika kiitikio cha pili tabasamu la Fundi nalo likashuka.

"Huyo ni baba," alisema Sindano. "Kitoe."

"Hakitoki."

"Fundi, kitoe."

"Kimo kwenye maiki ya dramu, kimo kwenye yako, kimo kwenye ya tarumbeta. Nikikitoa naondoka na wimbo mzima."

Sindano alinigeukia. "Bibi, watamjua?"

Nilimwangalia huyo mtoto. Alitaka niseme hapana. "Kota hii tunajuana kwa mlio wa kandambili," nilimwambia. "Muuguzi mwenyewe anakaa nyumba ya nne."

Kimya kile kikamwamsha mwanangu. Alitoka akijifunga kanga kiunoni, akauliza kama kuna chai, akaona nyuso zetu. Sindano aliniangalia mimi nimsemee. Nikatikisa kichwa. Kukaa karibu naye ningekaa, lakini kusema alitakiwa aseme yeye.

"Baba, kuna kitu usikilize."

Akavalishwa vile vya kufunika masikio. Alisikiliza amesimama, kikombe mkononi. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, na sote tulikuwa tumekisahau: mwanangu hajawahi kujisikia. Akiwa macho anameza, akilala hayupo.

"Huyu anayekohoa ni nani?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu waliozibwa masikio.

"Ni wewe, baba."

Akavua. "Mimi?" Akanitazama. "Mama, nakohoa hivi?"

"Unakohoa hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu huyu yuko shule ya msingi."

Alikaa kwenye kiti cha dramu cha Pole, maana ndicho kilichokuwa karibu. "Hiki ni cha baba," alisema. Nikammiminia chai nyingine ingawa ile ya kwanza hakuigusa. Alivaa tena, akasikiliza mpaka mwisho, na nikaona mguu wake unatikisika kidogo, viwili vifupi, kimoja kirefu. Kisha akavua akaviweka juu ya ngoma taratibu.

"Futa."

"Baba, ni wimbo mzuri kuliko yote."

"Najua. Nimeusikia. Futa."

"Huu ndio wimbo wenyewe. Nyimbo nyingine zote nazungumzia watu. Huu—"

"Na bibi yako atalala wapi? Ndani ya dramu?" Hakupandisha sauti. "Mimi sikukatazi kuimba. Imba mheshimiwa, imba kisima, imba na kiwanda chenyewe ukitaka. Kifua changu kiache. Kifua changu ndiyo kodi ya nyumba hii."

Sindano alifuta yeye mwenyewe, mbele yake. Fundi alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya jiko, kwenye ile ngazi yangu ya saruji, na alirudi macho mekundu akasema ni vumbi.

Walijaribu kuurudia siku mwanangu alipokuwa kazini. Haukuwa ule. Maneno yale yale, mablanketi yale yale, lakini Pole kila akifika pale baada ya "puliza tena" anaacha pengo. Hakusudii. Mikono ilikuwa imeshazoea kumngoja mtu. Wakajaribu kuliziba kwa tarumbeta, likasikika kama basi linaomba njia. Wakamwambia Pole akohoe yeye. Akakohoa.

"Mbuzi," alisema Sindano.

Nami nikaombwa. Nikakohoa, kikasikika kama mwanamke anayebisha hodi. Tukacheka, na tulipomaliza kinu kikasikika kupitia mablanketi, kule alikokuwa mwenye kikohozi, ameziba mdomo.

Baada ya hapo Sindano alikonda zaidi, kama ilikuwa inawezekana. Nyimbo nyingine zilikwisha zote. Akawa anakuja jikoni, anakaa, anaondoka. Kumlaumu baba yake hakuweza, kumwacha hakuweza, na albamu bila "Kipimo" alisema ni nyumba isiyo na mlango. Nikamwambia kuna nyumba zina mlango na bado hazitokeki. Akaniegemea.

Ni Fundi aliyeleta wazo la ukumbi. Kiwanda kina ukumbi wake wa mikutano karibu na geti, nao una umeme ule ule. Wapige mbele ya watu na kurekodi hapo hapo, alisema, labda watu watawasha kile kilichozimika. Afisa ustawi wa kiwanda, bwana mmoja mchangamfu anayependa kupigwa picha, aliposikia bendi ya mtoto wa kota inataka ukumbi alifurahi. Maneno ya nyimbo hakuuliza. Aliuliza kama watavaa fulana za kiwanda. Sindano akasema zitawazuia mikono, na jambo likaishia hapo. Ila afisa alitaka picha zake ziwe na watu, akapita kwenye zamu zote akisema asiye kazini aje ukumbini akae. Kwa mwanangu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Mzazi wa msanii akose? Safu ya mbele, bwana mkubwa. Wewe na mama."

Mwanangu akamshukuru.

Siku yenyewe Sindano alimfungia baba yake vifungo vya shati, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. "Wimbo ule tutaupiga, baba. Lakini pengo litabaki pengo, hakuna kitu ndani. Wewe kaa kimya tu."

"Kama siku zote," alisema mwanangu.

Ule ukumbi haukuwa umefunguliwa madirisha tangu upakwe rangi, rangi imeyagandisha. Mapazia yake mazito ya bluu yamekuwa ya kijivu, na ukiyagusa yanakujibu kwa vumbi. Fundi akaomba milango ifungwe kwa sababu ya sauti ya kinu. Ikafungwa, walinzi wawili wakasimama, mmoja kila upande. Watu walikuwa wamejaa, wanaume wa zamu zote na wake zao na watoto mapajani. Joto. Mwanangu kulia kwangu, afisa ustawi kushoto kwangu, kamera shingoni. Nilijaribu kukunjua mguu, goti likagonga jukwaa.

Dramu lilipoanza niliona mapazia yanatetemeka, na kwenye mwanga wa taa za jukwaani vumbi likaanza kushuka, pole pole, zuri hata, kama unga unaochekechwa. Lilishuka kwenye mabega ya watu. Nyimbo za kwanza watu walicheza viti vikalia. Wimbo wa kisima waliucheka sana, na afisa naye alicheka, kisha akaacha kucheka akaanza kusikiliza.

Halafu Sindano akafumba macho. Nikajua ni upi.

Mji wenu unapanda, sisi huku twafifia. Hakuna aliyekuwa anacheza. Mwanangu alikuwa amenyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na chini ya kola niliona shingo imeanza kuvimba. Lile vumbi lilikuwa limemfikia. Puliza, alisema Sindano. Puliza tena.

Pole akainua fimbo. Pengo.

Katika lile pengo, nyuma kabisa, mtu mmoja akakohoa. Hakukusudia, nina hakika, kilimponyoka. Watu wawili watatu wakacheka. Mzima, alisema Sindano, anayefuata, na wimbo ukaendelea, lakini nilimwona amefumbua macho.

Kiitikio cha pili. Puliza. Puliza tena. Pole akangoja. Safari hii walikuwa watano, sita, kila upande, na hakuna aliyecheka. Afisa ustawi aligeuka kwenye kiti kutazama ni nani. Mlinzi wa mlangoni alitazama juu, dari ilikuwa na kitu gani sijui.

Mwanangu alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu kama alivyokuwa akinishika utotoni akichomwa sindano ya chanjo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, uso haukusogea hata mshipa. Alikuwa ameshameza viwili na cha tatu kilikuwa njiani. Nilijua hakitamezeka. Na yule bwana wa kamera alikuwa bega kwa bega nami upande wa pili.

Ubeti wa tatu sikuusikia. Nilimwinamia mwanangu sikioni, lile lenye nafuu, la kushoto. "Toa, mwanangu. Ngoja pale wanapotoa wenzako, utoe hapo. Hakuna atakayekujua."

Alitikisa kichwa. Hapana.

"Mimi nitakujua. Wao hawatakujua. Toa."

Puliza, alisema Sindano, naye alikuwa anatutazama sisi. Puliza tena.

Ukumbi mzima ukakohoa. Sijawahi kusikia kitu kama kile na siombi kusikia tena. Wanaume wa kinu, wa tanuru, wa mifuko, miaka waliyoimeza, wake zao, watoto. Kwenye ile sauti, karibu na bega langu, viwili vifupi, kimoja kirefu. Kilikuwa kikubwa kuliko cha usingizini. Kilimwinamisha mpaka kichwa kikagonga magoti. Alipoinuka, wenzake wote walikuwa wanainuka pia, wanapangusa midomo, wanatazama chini kama watu waliokutwa bafuni.

Mzima, alisema Sindano. Sauti ilimkatika. Anayefuata.

Afisa ustawi aligeuka safu kwa safu. Kwake kule juu kilimani vumbi halifiki, yeye kifua hakimsumbui. Nadhani alikuwa akihesabu kwa macho, akapotea, akaanza upya, akaacha. Wimbo ulipoisha alisimama akapiga makofi peke yake, akatutangazia kuwa hali ya hewa imebadilika na mafua yamekuwa mengi, watu wavae nguo nzito. Kisha akawaambia walinzi wafungue milango, na tulipotoka nje tulikuta lile vumbi lingine linatungoja.

Siku ya pili ukumbi ulifungwa kwa kufuli na tangazo likasema kuna ukarabati. Albamu ikatoka, na "Kipimo" ya ukumbini imo, watu wakapeana kwenye simu. Sasa ukipita kota unamsikia Sindano kwenye kila dirisha, na pale kwenye pengo utasikia wanawake wanabishana nani ni nani. "Huyu wangu." "Wako wapi, huyu ni shemeji yangu." Wanaongea kwa sauti ndogo, na muuguzi akipita wanazima. Mwanangu hawajamtambua. Yumo mle ndani katikati ya wenzake kama tofali kwenye ukuta. Wakati wa kipimo alipuliza, akapuliza tena, kijiti kikagusa mstari kikarudi, akaambiwa mzima. Ovaroli nazifua bado. Nyumba tunayo bado. Ile ngazi ya nyuma ya jiko imeongezeka.

Sindano aliniletea wimbo jioni moja nikiwa nakunja nguo. Alitaka niusikilize vizuri, na vile vya kufunika masikio. Alikaa miguuni pangu, ameniegemea, anasubiri nimsifu.

Nilimtafuta mwanangu, nikampata. Nikampata na aliyekaa nyuma yetu, wa mifuko. Nikampata yule mama anayeuza maandazi getini, masikini, hata kiwandani hakuwahi kuingia. Wimbo ukafika mwisho, ngoma zikanyamaza, tarumbeta likakata. Hapo, karibu kabisa na maiki ya Sindano, karibu kuliko watu wote, nikasikia kingine. Kidogo, kikavu. Viwili vifupi. Kirefu bado hakipo.

Nikavua.

"Hiki cha mwisho umekiweka makusudi?" nilimuuliza. "Ni kizuri. Kinafunga wimbo."

"Kipi, bibi?"

Nikamwonyesha. Akavaa yeye, akasikiliza, akatabasamu kwanza kama mtu aliyekosea nyumba. Akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena.